Bao la Fez na hesabu tunayoikosea kabla ya Kombe la Dunia

Kombe la Dunia la 2026 linaanza Juni 11, na Dodoma mjadala umeshapamba moto. Kwenye vijiwe vya kahawa vya Majengo, kwenye maegesho ya bodaboda pale Sabasaba, kwenye mabweni ya UDOM, hoja inayosikika zaidi ni hii: mashindano yamepanuliwa hadi timu 48, timu nane kati ya 12 zitakazoshika nafasi ya tatu zitavuka, kwa hiyo safari hii Afrika itajaza nafasi za 32 bora. Anayebisha anapewa ushahidi wa nyumbani. Taifa Stars walifika 16 bora ya AFCON kule Morocco wakiwa na pointi mbili tu mkononi. Kama sisi tulipita na pointi mbili, nani atashindwa? Tukio lenyewe ni la kweli, ila tunalisoma vibaya. Urahisi wa mfumo haukuivusha Stars. Kilichoivusha ni bao moja lililofungwa kwenye mechi ambayo tulipoteza. Na anayetaka kujua nafasi halisi ya timu yoyote, iwe Senegal mwezi Juni au Stars kwenye AFCON ya 2027 itakayochezwa kwetu, Kenya na Uganda, atapata jibu la karibu zaidi akiuliza maswali mawili: timu hii ikifungwa hufungwa mangapi, na timu ya nne kwenye kundi lake ni nani?

Turudi kwenye Kundi C la AFCON 2025, maana watu wengi wanakumbuka shangwe na wamesahau namba. Stars walianza Desemba 23 mjini Fez dhidi ya Nigeria. Semi Ajayi alifunga kwa kichwa kipindi cha kwanza, Charles M'Mombwa akasawazisha dakika ya 50, na dakika mbili baadaye Ademola Lookman akafunga la pili. Mechi ikaisha 2-1. Desemba 27 tukatoka 1-1 na Uganda: Simon Msuva alitangulia kwa penalti, Uche Ikpeazu akasawazisha dakika ya 80, kisha Uganda wakapoteza penalti dakika za nyongeza. Desemba 30 ikawa 1-1 na Tunisia, wao wakitangulia kwa penalti na Feisal Salum akisawazisha mara tu baada ya mapumziko. Jumla yake ni pointi mbili, mabao matatu ya kufunga na manne ya kufungwa. Nafasi ya tatu, nyuma ya Nigeria yenye pointi tisa na Tunisia yenye nne.

Sasa weka pembeni yake timu nyingine zilizomaliza nafasi ya tatu. Benin, Sudan na Msumbiji kila moja ilikuwa na pointi tatu, hao wakapita bila maswali. Ikabaki nafasi moja, na waliokuwa wakiigombea wote walikuwa na pointi mbili: Tanzania, Angola na Comoro. Comoro walifungwa 2-0 na Morocco na kutoka 0-0 mara mbili, tofauti yao ikawa mabao mawili chini. Angola walifungwa 2-1 na Afrika Kusini, wakatoka 1-1 na Zimbabwe na 0-0 na Misri, tofauti bao moja chini. Stars nao bao moja chini. Pointi sawa, tofauti sawa, ikabidi yahesabiwe mabao ya kufunga: Angola mawili, sisi matatu. Hapo ndipo tulipopita. Ondoa bao la M'Mombwa na kipigo cha Fez kinakuwa 2-0, tofauti yetu inashuka hadi mabao mawili chini, na Angola wanakwenda 16 bora. Hata sare ya 1-1 na Tunisia ilikuwa na thamani ambayo 0-0 isingekuwa nayo, kwa sababu suluhu ingetuacha na mabao mawili ya kufunga na matatu ya kufungwa, sawasawa na Angola kwa kila kitu. Watu wanaokumbuka jioni ile wanalitaja bao la Feisal, na ni haki. Lakini bao la Fez, lililofungwa kwenye mechi ambayo wengi waliondoka vibanda umiza wakiwa wamenuna, lilikuwa na uzito uleule.

Ndiyo maana hoja ya "pointi mbili zinatosha" ni dhaifu kuliko zote zinazozunguka mjini sasa hivi, na inafaa ibomolewe kwa rekodi yenyewe. AFCON imechezwa kwa timu 24 mara nne: mashindano ya 2019, 2021, 2023 na 2025. Kila mara kulikuwa na makundi sita, na timu nne kati ya sita za nafasi ya tatu zilivuka. Katika mashindano hayo yote manne, timu saba zilimaliza nafasi ya tatu zikiwa na pointi mbili: Angola mwaka 2019, Sierra Leone kwenye mashindano ya 2021, Ghana na Zambia yale ya 2023, kisha Angola, Comoro na Tanzania safari hii ya mwisho. Sita zilirudi nyumbani. Iliyopita ni Tanzania peke yake. Timu zilizomaliza nafasi ya tatu na pointi tatu zilikuwa 11, na kumi zilipita. Iliyobaki ni Kenya ya 2019, iliyotufunga sisi 3-2 lakini ikafungwa 2-0 na Algeria na 3-0 na Senegal, ikamaliza mabao manne chini. Zilizokuwa na nne zilipita zote. Kwa hiyo anayesema pointi mbili zinatosha ameokota tukio moja kati ya saba na kuligeuza kanuni. Na hata hilo moja lilitegemea bao lililofungwa na timu iliyopoteza.

Mwenye shaka aangalie Stars haohao miaka miwili nyuma. Kule Ivory Coast, Januari 2024, walipata pointi mbili vilevile: walifungwa 3-0 na Morocco, wakatoka 1-1 na Zambia na 0-0 na DR Congo. Wakamaliza wa mwisho kwenye kundi. Zambia nao walikuwa na pointi mbili, wakatupita kwa tofauti ya mabao, na bado hawakuvuka, kwa sababu makundi mengine yalitoa timu za nafasi ya tatu zenye pointi tatu na nne. Pointi mbili hazina bei maalumu. Bei yake hupangwa na makundi ambayo timu yako haichezi, na siku ya kwanza ya mashindano hakuna anayeijua. Mtu anayeweka mkeka wake mwezi huu kwa kuamini kwamba sare mbili zinatosha kumvusha mtu yeyote anacheza na bei asiyoijua.

Upande wa pili una hoja zenye nguvu, na si haki kuzipuuza. Mfumo mpya kweli unafungua mlango. Kombe la Dunia la 2022 Qatar, Tunisia iliifunga Ufaransa 1-0, ikatoka suluhu na Denmark, ikamaliza na pointi nne na kuaga. Cameroon iliifunga Brazil 1-0, nayo ikamaliza na pointi nne na kuaga. Timu zote mbili zilikuwa za tatu kwenye makundi yao. Kwa mfumo wa mwaka huu, makundi 12 na timu nane kati ya 12 za nafasi ya tatu kuvuka, pointi nne zingewapeleka mbele karibu kwa uhakika. Pia si kweli kwamba anayepenya kwa tundu la sindano hana maisha marefu. Ureno ya Euro 2016 ilitoka sare mechi zote tatu za kundi, ikapita kama timu ya nafasi ya tatu, ikachukua kombe. Ivory Coast yenyewe, mwenyeji wa AFCON iliyochezwa 2024, ilipigwa 4-0 na Guinea ya Ikweta, ikamfukuza kocha, ikasubiri matokeo ya Morocco na Zambia ndipo ipite na pointi tatu, kisha ikawa bingwa kwa kuifunga Nigeria 2-1 kwenye fainali. Anayesema "ukivuka tu lolote linawezekana" ana ushahidi wa kutosha.

Ila tazama Ivory Coast walipita na nini. Walikuwa na ushindi mmoja, ule wa 2-0 dhidi ya Guinea-Bissau kwenye mechi ya ufunguzi. Pointi tatu zile ndizo zilizowabeba wakiwa wamelemewa na tofauti ya mabao matatu chini. Ushindi mmoja unafunika kipigo kizito. Sare mbili hazifuniki. Na ushindi huo mmoja, mara nyingi, hutoka kwa timu ya nne.

Hapa ndipo mjadala wetu unapopotea zaidi. Droo ikitoka, kila mtu anaangalia jina la juu: nani kapangwa na Argentina, nani kapangwa na Ufaransa, kundi la kifo ni lipi. Kwa mfumo wa zamani wa Kombe la Dunia, timu mbili tu zikivuka, hilo lilikuwa na maana, kwa sababu timu mbili kubwa zilitosha kukufungia mlango. Kwa mfumo wa nafasi ya tatu, anayeamua hatima yako ni yule wa chini. Kama timu ya nne inafungwa na kila mtu, wa tatu anapata pointi tatu bila kuhitaji muujiza mwingine. Kama timu ya nne inang'ang'ania sare, wa tatu anabaki na pointi mbili na kuanza kuhesabu vidole. AFCON 2025 imeonyesha hili waziwazi. Timu tatu za nafasi ya tatu zilizokuwa na pointi tatu zilitoka kwenye makundi matatu ambayo timu ya mwisho ilimaliza na sifuri: Benin iliifunga Botswana, Sudan ikaifunga Guinea ya Ikweta, Msumbiji ikaifunga Gabon. Makundi matatu mengine, ambako wa mwisho aliambulia pointi, yalitoa timu za nafasi ya tatu zenye pointi mbili. Kundi letu lilikuwa la namna hiyo kwa sababu ya sare yetu wenyewe na Uganda.

Ukilichukua swali hilo na kulipeleka kwenye droo ya mwaka huu, ramani ya Afrika inabadilika. Mjini hapa kundi linaloitwa la kifo ni la Senegal, kwa sababu lina Ufaransa na Norway ya Erling Haaland. Kundi gumu, ndiyo. Lakini nafasi ya nne humo iliachwa kwa timu iliyotoka kwenye mchujo wa mabara, na Senegal inakutana nayo kwenye mechi ya mwisho, ikiwa inajua inahitaji nini. Kwangu mimi, makundi mabaya zaidi ni mawili ambayo hayatajwi sana. Tunisia ipo na Uholanzi na Japan, Afrika Kusini ipo na Mexico na Korea Kusini, na kila moja nafasi yake ya nne ilipewa mshindi wa mchujo wa Ulaya. Hiyo maana yake ni kwamba kwenye makundi hayo hakuna mechi ambayo unaweza kuandika pointi tatu kwa penseli kabla ya kuanza. Jina la Uholanzi halitishi kama la Ufaransa kwa shabiki wa kawaida, lakini hesabu ya kundi ile ni nzito kuliko ya Senegal.

Kwa upande mwingine, Ivory Coast wamepata Ujerumani na Ecuador juu yao, na Curaçao chini, taifa dogo kwa idadi ya watu kuliko yote yaliyowahi kufuzu. Morocco wapo na Brazil na Scotland, na wanamaliza na Haiti, ambayo haikuwa imerudi Kombe la Dunia tangu 1974. Misri ina Ubelgiji na Iran, na New Zealand ikiwa timu ya nne. Algeria ina Argentina na Austria, na Jordan inayocheza kwa mara ya kwanza. Hao wanne, ukiwapima kwa kipimo hiki, wana mechi moja ambayo wakiipoteza hawana wa kumlaumu. Kuwa na mechi ya namna hiyo si dhamana. Haiti na Jordan wamefuzu kwa miguu yao na watacheza kama watu wanaoandika historia ya kwao. Lakini ndiyo mechi ambayo kocha anaipangia kikosi kamili badala ya kupumzisha watu.

Cape Verde na Ghana wako upande wa pili wa meza, na hili watu hawalipendi kulisikia. Kwenye droo wote wawili waliwekwa chungu cha nne, kile cha timu zinazohesabiwa za chini kabisa. Kwa maneno mengine, Saudi Arabia wanaitazama Cape Verde kama sisi tunavyoitazama Haiti, na Panama wanaiona Ghana kama mechi yao ya kuchukua pointi. Jina la Ghana linabeba kumbukumbu ya robo fainali ya 2010, na mzee yeyote wa hapa mjini atakusimulia penalti ya Asamoah Gyan iliyogonga mwamba. Kumbukumbu hiyo haichezi mwezi Juni. Mechi ya kwanza dhidi ya Panama ndiyo Kombe la Dunia la Ghana karibu lote: wakishinda, England na Croatia wanaweza kuwafunga kwa bao mojamoja na bado wakavuka. Wakitoka sare, watahitaji kitu kutoka kwa timu ambazo hazigawi.

Neno hilo, "bao mojamoja", ndilo la kushikilia. Kwa mfumo huu kocha anayefungwa 1-0 dakika ya 75 na timu kubwa ana uamuzi ambao zamani haukuwepo. Akiwapandisha mabeki wa pembeni wote wawili na kumtoa kiungo mkabaji ili amwingize mshambuliaji wa pili, anaweza kupata sare. Anaweza pia kuachia nafasi nyuma ya mabeki, akapigwa kaunta mbili ndani ya dakika tano na kuondoka na 3-0. Hilo la pili ndilo lililoipata Stars mbele ya Morocco Januari 2024. Hadi dakika ya 70 ilikuwa 1-0, Novatus Dismas akatolewa kwa kadi nyekundu, na dakika ya 77 na ya 80 yakaingia mabao mawili. Shabiki aliyezoea kudai timu "ishambulie mpaka mwisho" anaona kulinda 1-0 ni uoga. Kwa timu inayotegemea nafasi ya tatu, kulinda 1-0 ni kazi ya kundi zima, na mchezaji anayekubali kupoteza mechi kwa bao moja bila kupata kadi ya kijinga anaifanyia timu yake jambo ambalo jedwali litalionyesha siku nne baadaye. Na kadi zinahesabiwa kweli. Senegal ya 2018 ilitolewa Urusi ikiwa na pointi sawa, tofauti sawa na mabao sawa na Japan, hata mechi yao wenyewe kwa wenyewe ilikuwa 2-2. Kilichowatenganisha ni kadi za njano, nne za Japan na sita za Senegal. Kipengele hicho cha nidhamu kipo pia mwaka huu kwenye kupanga timu za nafasi ya tatu: njano moja inakata pointi moja ya nidhamu, nyekundu ya moja kwa moja nne.

Kuna mkanganyiko mwingine unaostahili kunyooshwa, kwa sababu unaharibu hesabu za watu wengi. Ndani ya kundi, mwaka huu FIFA inaanza kutenganisha timu zenye pointi sawa kwa matokeo ya mechi baina yao, kama CAF inavyofanya AFCON. Tofauti ya mabao ya jumla inakuja baadaye. Lakini timu za nafasi ya tatu hazijakutana, kwa hiyo jedwali lao linaanza na pointi, kisha tofauti ya mabao ya jumla, kisha mabao ya kufunga. Kwa hiyo bao la tano unalomfunga Curaçao linaweza lisikusaidie chochote dhidi ya Ecuador kwenye kundi lenu, na bado likakuvusha dhidi ya timu iliyoko Seattle ambayo hujawahi kuiona. Mtu akikutumia picha ya jedwali kwenye WhatsApp usiku wa Juni 24, mwulize kwanza ni jedwali lipi.

Tarehe nazo zinaingia kwenye hesabu. Makundi A, B na C yanamaliza Juni 24, D, E na F Juni 25, G, H na I Juni 26, na J, K na L Juni 27. Afrika Kusini, iliyopo Kundi A, itamaliza mechi yake ya mwisho bila kujua pointi tatu zitakuwa na bei gani. Algeria na Ghana, walioko makundi J na L, wataingia uwanjani siku ya mwisho wakiijua bei hiyo kwa sehemu kubwa. Stars walifaidika na jambo hilohilo: Angola na Comoro walikuwa wamemaliza kabla yetu, kwa hiyo Desemba 30 benchi lilijua sare yenye mabao inatosha. Lakini faida hiyo ina upande wake mbaya, na Algeria ndiyo inayoufahamu kuliko taifa lolote. Mwaka 1982 kule Hispania walimaliza mechi zao siku moja kabla ya Ujerumani Magharibi na Austria. Wajerumani wakafunga bao moja mapema, matokeo ya 1-0 yaliwavusha wote wawili, na muda uliobaki ukachezwa kwa pasi za kurudi nyuma. Algeria wakatoka, na tangu hapo mechi za mwisho za kundi moja zikawa zinachezwa kwa wakati mmoja. Mwaka huu Algeria wanamaliza na Austria hiyohiyo, kwenye kundi linalofunga dimba. Mechi za kundi moja zitachezwa pamoja, ndiyo, lakini makundi yenyewe hayamalizi pamoja. Tusishangae tukiona timu mbili zikitoka sare taratibu kwa sababu sare inazifaa zote.

Hoja ya majina, ya kuhesabu nani anacheza Ligi Kuu ya England na nani Ufaransa, nitaipitia haraka. Ina ukweli wake: kikosi kipana kinastahimili mechi tatu ndani ya siku kumi na mbili za joto na safari za ndege. Lakini majina hayaelezi kwa nini Nigeria, yenye Victor Osimhen na Lookman, haipo Kombe la Dunia, au kwa nini Cape Verde ipo.

Sasa nyumbani. Stars walipopita na pointi mbili, Singida walikuwa na sababu ya ziada ya kushangilia, maana kocha Miguel Gamondi alikuwa ameazimwa kutoka Singida Black Stars wiki chache tu kabla ya mashindano. Morocco wakatutoa 16 bora kwa 1-0, bao la Brahim Díaz, na kwa mara ya kwanza tukaondoka AFCON tukiwa tumevuka kundi. Heshima hiyo ni ya haki. Ila kuna namba moja ambayo mijadala ya 2027 inaikwepa: Tanzania imecheza mechi 13 za fainali za AFCON, tatu za Lagos mwaka 1980, tatu za Misri 2019, tatu za Ivory Coast na nne za Morocco. Imetoka sare tano na kupoteza nane. Haijawahi kushinda hata moja. Kabla ya kubishana kama tutafika nusu fainali mbele ya mashabiki wetu, swali la kwanza ni ushindi wa kwanza utatoka mechi ipi na kwa njia gani.

Na jibu lake limejificha kwenye dakika za mwisho. Dhidi ya Kenya mwaka 2019 tulikuwa mbele 2-1 hadi dakika ya 62, tukasawazishiwa, na Michael Olunga akamaliza kazi dakika ya 80. Dhidi ya Zambia Januari 2024 tulikuwa mbele 1-0, wenzetu wakiwa kumi tangu mwisho wa kipindi cha kwanza, Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Tungeshika hadi mwisho tungemaliza na pointi nne na nafasi ya pili. Dhidi ya Uganda tulikuwa mbele 1-0, bao likaingia dakika ya 80. Mara tatu tumeshika uongozi tangu 2019, mara tatu umeponyoka, na kila mara robo saa ya mwisho ndiyo iliyoamua. Shabiki wa Dodoma Jiji anayekaa Jamhuri kila msimu akihesabu nani juu na nani chini kwenye timu 16 za ligi anaujua uzito wa bao la dakika ya 88 kuliko shabiki wa timu inayoshinda kila wiki. Huyo ndiye wa kumsikiliza.

Kwa hiyo kwenye mechi za kirafiki kuelekea 2027, usitazame tu nani amefunga. Tazama Stars wakiwa mbele kwa bao moja dakika ya 70: kocha anamwingiza nani, mstari wa mabeki unarudi hadi wapi, nani anamkaba mpiga krosi wa upande wa mbali, na mpira ukiokolewa unamwendea nani. Kama kila mpira unaookolewa unarudi kwa mpinzani ndani ya sekunde tano, mabeki hawapumui na bao litaingia, hata mpinzani akiwa na watu kumi. Timu inahitaji mshambuliaji mmoja mbele wa kushika mpira na kuchota faulo, na winga mwenye mbio aliyewekwa benchi kwa ajili ya dakika hizo tu. Hayo ni mambo ya mazoezini, yanafundishika, na bado tuna muda wa kuyafundisha.